Nilikula Rejesho la Jirani Yangu

Ndugu zangu, msinionee huruma. Nilikosa, tena nilikosa nikiwa na akili zangu timamu.

Ninaishi mjini, mtaa wa Mwembesongo, nyumba ya kupanga. Msimu ule mume wangu alikuwa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga na hela zilichelewa. Umeme ulikuwa umeisha, kodi imepitiliza, na mwenye nyumba ameapa kunitolea vyombo nje.

Chumba cha pili alikaa Mama Zuhura, mjane, muuza barafu na juisi. Alikuwa amekopa kwenye kikundi cha kina mama, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Ukichelewesha rejesho, wenzako wanakuja kubeba vyombo.

Siku moja akaletewa habari kwamba mama yake anaumwa huko Kinole, mlimani. Akaniachia ufunguo wa chumba chake, na hela ya rejesho niipeleke kikundini. Alisema nyumba nzima hamwamini mwingine ila mimi.

Jioni mwenye nyumba akabisha hodi. Nikampa hela ya Mama Zuhura. Nilijisemea nitairudisha mume akituma. Sote tunajisemea hivyo.

Mume hakutuma. Kina mama wakaja na mwenyekiti wao, mwanamke asiyejua kucheka. Akaniuliza kama jirani yangu ameacha hela yoyote ya rejesho.

"Hajaacha kitu," nikasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mwizi tu. Lakini walitaka kuvunja mlango, nikaona kelele zitamleta mjumbe wa mtaa na mjumbe ataleta maswali. Nikatoa ufunguo, nikawafungulia mwenyewe. Wakabeba friji, jiko la gesi, kitanda. Godoro lilipokwama, nikawashikia mlango lipite.

Kabla wiki haijaisha mume wangu akatuma. Zilitosha rejesho lote! Ila ningezipeleka vipi bila kusema kwamba zile za kwanza nilizila? Nikanunua unga, mafuta na umeme. Nikawasha taa, nikala nikashiba.

Mama Zuhura akarudi amemshika mkono mama yake, amemleta mjini apate matibabu. Nilimwamkia yule bibi, shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniombea dua kwa kumtunzia binti yake chumba. Nikawapa ufunguo, wakafungua mlango, wakakuta sakafu tupu.

Bibi yule alilala kwenye mkeka juu ya saruji. Alikohoa, nami upande wa pili wa ukuta nilikuwa namsikia.

Kikundi kikakaa kikao uani. Mama Zuhura aliniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye anayeona aibu.

"Dada, sikukupa hela mkononi?"

"Hukunipa. Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

Wakamzomea. Mwenyekiti akamwita tapeli. Bila friji hakuwa na biashara, na bila biashara hata dawa zilimshinda. Akamrudisha mama yake Kinole, na bibi akafia huko.

Nilipanda mlimani kwenye msiba. Nikamwita Mama Zuhura pembeni, nyuma ya migomba, nikapiga magoti nikamwambia yote. Nikamwekea mapajani hela nilizokuwa nimedunduliza. Hakulia.

"Nilijua tangu siku ile kikaoni," akasema. "Nikasubiri. Nikasema huyu ni mtu, atamwona mama anavyolala chini, atasema. Sasa hizi za nini?"

Akasimama, hela zikadondoka kwenye majani, akaziacha. Wakati wa chakula akanipakulia wali kama anavyompakulia mgeni yeyote. Niliula, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Habari zimeshuka toka mlimani, mume wangu amesikia. Hajaniacha, lakini hela hanishikishi tena. Unga ananunua mwenyewe, chumvi ananunua mwenyewe. Wapangaji wenzangu hawanigombezi. Nikitoka uani wanaanua nguo zao, zingine bado mbichi.

Wewe unayesoma ukiwa umeshika hela ya mtu, na kodi imekubana, nakusihi. Mwambie mwenye nyumba huna. Atakutukana, ataweka kufuli mlangoni, watoto watalala kwa shangazi yao. Kubali. Matusi ya mwenye nyumba yanaisha siku ukilipa. Hili langu hakuna wa kumlipa, maana yule bibi niliyepaswa kumwomba radhi kwanza nilimwacha akohoe mpaka akazikwa.