Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Tulipokwenda kuondoa vyombo baada ya wageni kuaga, glasi sita za soda zilikuwa zimejaa vilevile kama tulivyozileta. Ya saba ilikuwa tupu.

Wageni walikuwa saba. Walitoka Chala kuja Sumbawanga kumposa dada yangu, na walikaa sebuleni kwetu tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Chakula walikula, tena vizuri, kwa sababu kilikuwa kwenye sinia na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyetangulia kutia mkono. Soda, ukiacha hiyo glasi moja, hawakugusa. Waliondoka wakisema, "Tutatuma jibu," na posa inayokwenda vizuri haiishi kwa maneno hayo, maana jibu hutoka upande wa binti.

Kosa lilikuwa letu, la mama na mimi. Ili lieleweke inabidi kuanza na soda yenyewe.

Ni ile nyeusi ambayo kila mtu anaijua. Ilivyofika huku kwetu Ufipa nilisimuliwa na mzee mmoja mwenye duka la jumla mjini, ambaye baba yake alikuwa na lori. Nilimkuta ametoka kuswali adhuhuri, nikamwamkia, nikamwambia nataka kuandika habari za soda.

"Marahaba. Kaa hapo," alisema. "Unataka kuandika soda? Andika barabara kwanza."

Barabara ya kutoka Mbeya kupitia Tunduma ilikuwa ya vumbi kiangazi, na masika ilikuwa tope. Lori likikwama, kreti zilikaa porini siku kadhaa, na chupa zilizopasuka zilikuwa hasara ya mwenye lori. Kwa hiyo soda ilikuwa kitu cha Krismasi, cha Pasaka na cha wagonjwa. Ukimwona mtu anapita na chupa mbili kwenye kapu kuelekea hospitali, ulimpa pole kabla hujamuuliza nani amelazwa. Kutoka mjini kreti zilishuka hadi Kabwe, ziwani, na gari lilelile lilipandisha dagaa. Mzee alisema mama mmoja wa mjini aliwahi kumrudishia chupa akidai soda inanuka samaki. Yeye akamjibu, "Mama, hiyo si soda inayonuka, ni safari."

Lami ilipokuja, soda ikawa ya kila siku, na kampuni ikaja nayo. Hayo sikusimuliwa, niliyaona dukani kwa mama.

Mama alikuwa na duka karibu na soko. Vijana wa kampuni walikuja na rangi wakapaka ukuta wa mbele bila kudai chochote. Jina la soda likajaza ukuta mzima, na jina la duka likaandikwa chini kwa herufi ndogo, karibu na mfereji wa maji ya mvua. Halafu wakaleta friji yenye mlango wa kioo. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba ndani yake kisikae kitu kingine. Mama aliitikia, na tangu siku ile maziwa yetu yakalala nyuma ya safu ya mwisho ya chupa. Mkaguzi wa kampuni aliyagundua mara moja.

"Mama, hii nini?"

"Maziwa, baba. Huyaoni?"

"Friji hii ni ya soda peke yake."

"Sasa hiyo soda imelalamika?"

Mkaguzi alicheka na hakuyaondoa. Tatizo lake kubwa lilikuwa jingine. Matangazo yote aliyoletewa kubandika yalikuwa na jua kali, mchanga, na chupa inayotoka jasho. Sumbawanga ni baridi. Mwezi wa sita watu hutembea na makoti hadi saa tano, na mteja akiingia dukani jambo la kwanza kusema ni, "Nipe ya moto," yaani ile ambayo haijaingia kwenye friji. Nilimwona mkaguzi mwenyewe, mtu wa Dar es Salaam, amefunga skafu shingoni, ameshika kikombe cha chai ya mama, huku akimweleza umuhimu wa kuuza soda iliyopoa sana.

Mwisho wa mwaka walileta kalenda. Ilikuwa na picha moja kubwa ya mwanamke nadhifu, nyumba nadhifu, wageni wamekaa kwenye makochi, naye anawaletea trei ya glasi zilizojaa soda, povu likiwa bado juu. Chupa haikuwepo kwenye trei. Ilikuwa kwenye kona ya picha, peke yake, kubwa kuliko watu. Mama aliitundika sebuleni, akawa anaitazama. Siku moja alisema, "Watu wanaopokea wageni hivi hawahangaiki na opena." Alinunua glasi saba zinazofanana, akaziweka kabatini, hazikuguswa mpaka siku ya posa.

Jambo ambalo kampuni haikulijua, na ambalo mama na mimi tulilijua lakini tukalisahau, ni hili. Kwetu kinywaji hakipewi mgeni hivi hivi. Pombe ya ulezi au togwa, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, kisha humpa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Jina la mji wetu, kama wengi wanavyolieleza, ni amri ya kutupa uchawi. Wageni hulicheka, sisi tumelizoea. Soda ilipoingia iliipokea desturi hiyo kwa namna yake. Mwenye nyumba haonji soda. Huiweka mezani ikiwa imefungwa, na kizibo hung'olewa mbele ya macho ya anayekunywa. Ule mlio wa kizibo ndio kuonja kwenyewe. Nimeona watu wakiirudisha chupa nzima, bila kugombana, kwa sababu tu ilifunguliwa wakiwa wamegeuka kumsalimia mtu. Kampuni ilidhani inatuuzia ubaridi. Ubaridi tulikuwa nao bure. Tulichokuwa tunanunua ni kizibo.

Siku ile ya posa mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni. Mama alinikabidhi opena jikoni. Nilifungua chupa saba, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimefungwa sawasawa. Naweza kulishuhudia hilo popote. Mama alimimina taratibu, glasi ikiwa imeinama kidogo, ili povu lisimwagike. Kisha akabeba trei mwenyewe, akaingia sebuleni kama yule wa kwenye kalenda.

Niliona uso wa shangazi wa kijana aliyekuwa akimposa dada, mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani, ambaye ndiye hasa aliyeongoza msafara ingawa wazee wa kiume ndio waliosema. Aliitazama trei, akautazama mlango wa jikoni, akasema, "Ahsante, mama wa binti. Tutakunywa." Mbele yetu hakunywa. Baadaye wanaume walitoka na baba mkubwa kuona uwanja nyuma ya nyumba, na wanawake wakaenda na mama kumsalimia bibi chumbani kwake. Waliporudi walikaa ovyo, mtu hapa na mtu pale, si kama walivyokuwa mwanzo. Kwa dakika hizo chache sebule haikuwa na mtu wa kuangalia glasi.

Jibu halikuja wiki ya kwanza wala ya pili. Dada aliacha kula vizuri. Kijana alimpigia simu na kusema tu, "Wazee bado wanaongea." Na mjini maneno yakaanza. Mjane ambaye duka lake linaendelea vizuri hahitaji kosa kubwa ili asemwe. Wateja wawili wa siku zote wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Hapo ikawa si ndoa ya dada peke yake iliyokuwa mashakani, bali na jina la mama.

Wiki ya tatu mshenga alikuja. Alikaa kwenye ukingo wa kochi na kofia mkononi.

"Mama, usinikasirikie mimi. Mimi ni njia tu."

"Njia nayo huwa na mashimo. Sema."

"Wanasema soda ilikuja imeshafunguliwa."

"Ilikuja kwenye glasi! Glasi inafunguliwaje?"

"Ndiyo hivyo, mama. Vizibo hawakuviona."

"Vizibo viko kwenye ndoo ya taka. Nikuletee uwapelekee?"

Mshenga aligeuza kofia. "Wanasema wakiitwa tena, na mama akaonja mbele yao, neno limekwisha."

Mama alikataa. Baba mkubwa alimsihi, bibi akamsihi, dada akalia. Mama alisema jambo ambalo mpaka leo naliona sahihi: "Nikionja soda sasa, nitakuwa nimekiri kwamba siku ile palikuwa na cha kuonja." Aliitoa kalenda ukutani, akaikunja, akaisukuma nyuma ya kabati. Siku nne hakuzungumza juu ya posa.

Siku ya tano aliagiza ulezi.

Alipika togwa mwenyewe, kwa kipimo cha marehemu mama yake, akiikoroga na kuiacha, akiionja na kuiacha tena. Kisha akamwambia mshenga awalete wageni. Walikuja walewale saba. Sebuleni mama aliweka kreti ya soda sakafuni, chupa zote zimefungwa, na opena juu yake. Hakuisemea neno. Akaleta kibuyu cha togwa na kata moja. Alichota, akanywa mpaka nusu, bila haraka, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga. Na kwa togwa hapakuwa na kukiri kokote. Kuonja togwa ni adabu tu, kila mwenye nyumba hufanya. Alichota tena, akampa shangazi wa kijana.

"Karibu."

Shangazi alikunywa yote. "Hii umeilaza siku ngapi?"

"Mbili. Ulezi wenyewe wa kwenu, Nkasi."

"Ndiyo maana imejua njia." Watu wakacheka. Shangazi akageukia kreti. "Na hizi nyeusi ni za nani, mkwe? Au ni pambo?"

Alisema mkwe. Baba mkubwa alinitazama, nami nikamtazama dada mlangoni. Mzee mmoja alichukua opena, wakafunguliana wenyewe kwa wenyewe, kila kizibo kikilia, na mama akakaa akiwatazama, mikono yake ikiwa mapajani.

Dada aliolewa. Anaishi Chala, ana watoto watatu, na binti yake mkubwa ameanza kuuliziwa na waposaji. Siku hizi kwenye posa soda ni ya chupa ya plastiki. Nimekaa kwenye shughuli kama hizo, na nimeona wazee wanavyonyamaza kidogo wakati mgeni anazungusha kifuniko, hadi ile pete ya plastiki chini yake ikatike na kulia. Hakuna tangazo la kampuni, ukutani wala redioni, lililowahi kuutaja mlio huo.

Inabaki ile glasi ya saba. Iliyokuwa tupu ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, na kwa sababu walibadilishana viti, haisemi ilikuwa mbele ya nani. Sisi wa nyumbani tuliulizana wote, na hakuna aliyeinywa. Baba mkubwa alikuwa uwanjani na wanaume muda ule sebule ilipobaki tupu, mama alikuwa na wanawake kwa bibi, bibi hatoki chumbani, dada alikuwa jikoni na mimi. Haikumwagwa, maana zulia lilikuwa kavu na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi.

Kwa mama jambo hili ni kubwa kuliko ile kreti na ile togwa. Husema kwamba siku ya pili walimwamini kwa sababu aliwapa sababu, lakini siku ya kwanza kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini bila sababu yoyote, na angependa kumjua kabla mmoja wao hajatangulia.

Kati ya wale saba, wawili wameshafariki. Watano nimewauliza, kila mmoja peke yake, katika safari zangu za Chala. Wanne wamesema si wao. Shangazi nimemuuliza mara tatu, na mara ya mwisho, mwezi uliopita, alikuwa anapepeta ulezi uani. Hakuinua uso.

"Wewe mtoto, kazi zimekuishia? Ilikuwa glasi tu."

Nilimwambia mama jibu hilo neno kwa neno. Aliniuliza kama shangazi alicheka aliposema. Nilijaribu kukumbuka, na sikuweza kumwambia kwa hakika.