Darasa Lililoinua Mkono wa Kushoto

Umewahi kuona darasa zima likiinua mkono wa kushoto kwa pamoja, na mwalimu akaanza kutokwa na jasho?

Mimi nimeona. Kwa macho yangu haya, mwaka jana, katika shule moja ya upili upande wa Mkongani. Jina la shule niachieni, bado nala ugali wake.

Naitwa Dama. Mimi ni mwalimu wa bodi. Asiyejua maana yake na ajue leo: unafunza kama wenzako, ila mkataba wako ni wa muhula, na muhula ukiisha roho iko mkononi.

Nilikuwa nikifunza riwaya kidato cha tatu. Riwaya yenyewe inamhusu Bi Mwatumu, mama aliyeuza shamba la ukoo ili mwanawe akasome ng'ambo, na mwana asirudi tena.

Tuliisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha nikawagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi nikalipatia swali la kugombania, nikakaa pembeni. Kelele zilifika jikoni.

Mkuu wa idara yetu, Mwalimu Mwau, kelele zile hazikumpendeza.

"Madam Dama, hiyo si lesson, hiyo ni soko," aliniambia mbele ya walimu wote. "Mimi nikiwa class, hata nzi hasikiki."

Kweli kabisa. Nzi wa darasa lake walikuwa wamelala pamoja na wanafunzi.

Nikwambie siri ya Mwau? Riwaya ile hakuwahi kuisoma. Alikuwa na mwongozo tu, kile kijitabu cha muhtasari na majibu. Alikibana kwapani asubuhi hadi jioni kama mtu aliyetoka mnadani na kuku.

Basi ikaja habari kwamba afisa wa elimu atakuja kutazama wanafunzi wakijadili riwaya katika makundi.

Kujadili! Kitu kile kile alichokiita soko. Ghafla soko likapata mwenyewe. Mwau akaenda mbio kwa mwalimu mkuu, Bwana Garama, akasema somo lile atalisimamia yeye. Na akaongeza, nami nimesimama pale pale:

"Tukipita hapa, sir, sioni haja ya kumrenew huyu madam. Hii kazi naiweza solo."

Bwana Garama akakuna kidevu. "Tutaona mgeni akishaondoka."

Hivyo ndivyo kibarua changu kilivyoning'inizwa kwenye ulimi wa Mwau.

Maandalizi yake sasa. Jamani!

Alichagua wanafunzi wachache wenye Kiswahili cha redio, akawakaririsha majibu ya mwongozo neno kwa neno. Faith, kiranja wa darasa, akapewa maudhui ya elimu. Alipangiwa mpaka mahali pa kukohoa na mahali pa kutabasamu. Waliobaki wakapewa agizo moja tu.

"Mgeni akiuliza swali, wote inueni mkono. Mwenye jibu, wa kulia. Asiye na jibu, wa kushoto. Mimi nitajua nani wa kupick. Tumeelewana?"

Ziro, mtoto wa mfugaji kutoka Kinango, aliyekuwa akinibishia mpaka kengele ilie, aliambiwa asithubutu mkono wa kulia hata kidogo.

"Lafudhi yake itatuaibisha," Mwau alisema, mtoto akisikia. Nilikasirika.

Hata hivyo nilimwonya. "Mwalimu, huku kwetu mkono wa kushoto hauinuliwi mbele ya mkubwa. Ni ukosefu wa adabu."

Akacheka. "Relax, madam. Hizo ni stori za nyanya zenu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwachia.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa Bi Husna, mama wa makamo aliyevaa buibui, mzaliwa wa Msambweni, sauti yake ya taratibu.

"Shikamoo!" darasa zima.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

Akaketi, akakifungua kitabu. Mwau alisimama ubaoni, suti imempiga pasi yeye. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, pamoja na Bwana Garama.

"Niambieni," Bi Husna akaanza, "huyu Bi Mwatumu, alikosea kuuza shamba?"

Swali jepesi. Ila halikuwemo kwenye mwongozo. Na kama halimo, hakuna aliyepewa jibu. Na kama hakuna aliyepewa jibu...

Mikono ikapanda darasa zima. Yote ya kushoto.

Uso wa Mwau ukameremeta jasho.

"Subhanallah!" Bi Husna akaweka kitabu chini. "Teremsheni. Wanangu, mkono wa kushoto mwamwinulia nani? Ndivyo mlivyofunzwa makwenu?"

"Hapana, Bi Husna," wakaitika kwa aibu.

"Haya, tuanze upya. Wa kulia."

Mikono ikapanda tena, yote ya kulia. Mwau hakujua pa kushika. Akamrukia Faith.

Maskini Faith! Akasimama wima. "Maudhui ya elimu yamejitokeza bayana katika riwaya hii..." Akakohoa pale pa kukohoa. Akatabasamu pale pa kutabasamu.

"Vizuri, mwanangu. Lakini nimeuliza kama alikosea."

Faith akamtazama Mwau. Mwau akatazama mwongozo.

"Basi mwalimu atusaidie," Bi Husna akasema. "Wewe waonaje?"

"Actually, Bi Mwatumu ni... ni mhusika bapa. Anawakilisha jamii."

"Jamii ipi?"

"Jamii... kwa ujumla."

Bwana Garama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Hapo Ziro akasimama bila kuitwa.

"Alikosea, Bi Husna. Si kwa kuuza. Ni kwa kumficha mwanawe kwamba ameuza. Babangu aliuza ng'ombe ndipo nikaingia hapa, na alinipeleka zizini nikawaona wakitoka. Mimi siwezi kusahau kurudi."

Faith, yule yule wa kukaririshwa, akaruka. "Mimi nakataa! Huo ni mzigo kumtwika mtoto. Bi Mwatumu alimpenda ndiyo maana akamficha!"

Soko likafunguliwa. Kundi hili likalivamia lile, kurasa zikafunuliwa, ushahidi ukasomwa kwa sauti. Bi Husna akakunja mikono akasikiliza mpaka kengele ikalia. Mimi machozi yalinilenga, sitaki kuwadanganya.

"Nani aliyewafunza kugombana namna hii?" akauliza.

"Madam Dama!"

"Under my guidance," Mwau akadakia. Haya yake ameiuza wapi mtu huyu?

Bi Husna akamgeukia, sauti ile ile ya taratibu.

"Mwalimu, mpango wako wa mikono niliujua ulipoanza tu. Enzi zangu za shule, hata darasani kwetu ulikuwepo. Na mimi nilikuwa wa kushoto."

Mwau akaupekua mwongozo. Hilo nalo halikuwemo.

Jioni ile nilitia sahihi mkataba wangu mpya mbele ya Bwana Garama. Mwau bado ni mkuu wa idara, msishangae. Ila nimemfuma mara kadhaa nyuma ya maktaba akisoma riwaya aliyoifunika gazeti, midomo ikimchezacheza.

Nawe mwalimu unayekaririsha watoto wa watu ili umpendeze mgeni, sikia la Dama: mtoto uliyemwambia hana jibu leo, kesho ndiye atakayekuja kukukagua.