Kisu Kilicholala Juu ya Banda la Kuku

Ilianza Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, mnadani, mbele ya turubai la mwuza vitu mchanganyiko. Saa naikumbuka kwa sababu kwenye lile turubai kulikuwa na saa za mkononi zimepangwa mstari, kila moja inasema lake, nikaamua kuamini ile aliyoivaa mwuzaji mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka kumuuza jogoo wangu mwekundu kwa wale wanaokusanya kuku wa kupeleka mjini. Jogoo alikuwa wangu kabisa, nilimlea tangu kifaranga, na mama alisema pesa yake nifanye nitakavyo. Kati ya tochi na vioo na kufuli kukawa na kisu cha kukunja, cheusi, kizito, kinene mgongoni kuliko kisu chochote cha kukunja nilichowahi kukiona.

"Karibu dada! Hiki kinakata mpaka waya!" Mwuzaji akakifungua kwa dole gumba, kikalia ka. "Umesikia? Hapo kimejifunga. Hakiwezi kukurudia vidoleni mpaka ubonyeze hiki kibati cha ndani. Unamnunulia nani, kaka au baba?"

Nilitaka kusema "najinunulia mwenyewe" lakini sauti iliishia kooni. Nikatoa pesa ya jogoo, nikanyoosha mkono. Hata bei sikuomba apunguze. Akanihurumia, akarudisha kidogo bila kuombwa.

Niseme ukweli: mimi ni mtu wa aibu. Darasani, mwalimu wa kidato cha tatu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, nalimeza. Dukani nasimama mpaka mwenye duka aniulize nimetumwa nini. Na kilicho kigumu kwangu kuliko vyote ni kuomba. Kulima naweza, kuteka maji naweza, kuomba siwezi. Ndiyo maana nilitaka kisu.

Nyumbani tulikuwa na visu viwili. Cha mama hakitoki jikoni. Cha baba, alichofuliwa na mhunzi kutoka kwenye spring ya gari, hakitoki kiunoni mwake mpaka jioni, anapokitundika ukutani. Kaka yangu mkubwa, anayeendesha bodaboda kwenda Ilongero na kulima msimu ukifika, ana panga lake. Mimi ndiye ninayechunga mbuzi wakati wa likizo, ninayewakatia ndama majani, ninayefunga viroba, na kila mara kamba ikigoma ilibidi niende kwa kaka. "Kaka, nikatie." Na yeye, hasa wakiwepo rafiki zake, alikuwa akitega sikio kama mzee kiziwi: "Sema vizuri, sijasikia!" Nikirudia, anasema tena hajasikia. Wenzake wanacheka. Siku nyingine niliitafuna kamba kwa meno kuliko kurudia mara ya tatu.

Sasa hapa kuna jambo la nyumbani kwetu. Sijui kama ni desturi ya Wanyaturu wote au ni ya baba peke yake, sijathubutu kuuliza. Kwetu chombo kipya hakiingii ndani. Jembe, mundu, shoka, chochote chenye makali kikinunuliwa kinalala juu ya bati la banda la kuku mpaka kimalize kazi moja nzima. Kikimaliza, baba anakiingiza mwenyewe na kukipigilia msumari wake ukutani. Kikishindwa, kinarudi kilikotoka. Kuna shoka ambalo mwuzaji wake alikataa kulipokea, likalala kule juu mpaka likaota kutu, na hakuna aliyelionea huruma.

Baba alipokiona kisu changu alikigeuzageuza, akapuliza vumbi kwenye bawaba. "Kinakunjika," alisema.

"Kisu chenye kiungo kina goti," kaka akadakia. "Na goti huuma! Hicho ni cha kumenyea maembe, tena yaliyoiva."

Baba hakucheka. "Tunaanza kukata alizeti ya bondeni Jumatatu. Kikimaliza shamba mkononi mwako, kitaingia ndani. Kisipomaliza, mnada ujao unakirudisha, ubadilishane na sufuria ya mama yako."

Sufuria! Nilihisi kama nimeambiwa jogoo wangu amekufa bure. Lakini nilisema "sawa baba", na kisu kikapanda juu ya bati.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, nilikishusha nikakipima kwa namna zangu. Mwuzaji alisema kinakata waya, nikajaribu waya wa seng'enge: hakikati. Makali yake ya dukani yalikuwa ya kuonea ndizi tu, nikayanoa kwenye jiwe la mlangoni mpaka yakanyoa malaika ya mkono wangu. Maandishi ya kigeni yaliyokuwa ubavuni yalifutika kwa kitambaa na maji. Kibano chake cha kukining'iniza mfukoni kimetengenezwa kwa watu wenye suruali. Gauni langu halina mfuko, kwa hiyo nikakibana kwenye upindo wa khanga kiunoni, na uzito wake ukaivuta khanga upande. Nikaikaza. Kuhusu kufunga, hapo sina neno baya. Nilikipiga mgongo kwenye gogo, nikakipiga tena kwa nguvu, kikabaki wazi kama ubao.

Halafu nikafanya kosa. Kwetu Singida alizeti ndiyo dawa ya yote. Ngozi ikikauka, mafuta ya alizeti. Mlango ukilia, mafuta ya alizeti. Basi nikayachota kwa kidole, nikayajaza kwenye bawaba mpaka yakachuruzika, nikakirudisha juu ya bati linalowaka jua. Niliona nimekitendea wema.

Jumatatu kilifanya kazi vizuri mno. Shingo za alizeti zikikauka zina nyuzi ngumu, hazikatiki kwa kubembelezwa, na kisu kilikuwa kinapita, tap, kichwa kinaanguka ndani ya kikapu. Mpini ulinitoa lengelenge. Jioni nikauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Jumanne kikaanza kuwa kizito kufungua. Nikadhani ni utomvu, nikafuta. Jumatano, katikati ya mstari, nilikikunja ninywe maji, na nilipotaka kukifungua tena kikafika nusu kikagoma. Kidole gumba kikaniuma mpaka nikaona nyota. Wala hakikurudi kujikunja. Kilibaki vile, nusu wazi, kama mdomo wa mtu aliyesahau anachotaka kusema. Yaani kama mimi.

Sikumwambia mtu. Nikakificha ndani ya khanga, nikaendelea kwa mikono, nazungusha kila kichwa mpaka kinang'oka. Mstari wa kaka ukanipita, wa baba ulikuwa umenipita zamani.

"Wewe, mbona unanyonga alizeti kama unanyonga kuku?" kaka akapaza sauti. "Kisu kimeugua?"

"Hapana."

"Sema vizuri, sijasikia!"

Baba alinyoosha mgongo, akaniangalia, akaangalia sehemu ya shamba iliyobaki, akainama tena. Kuangalia kule kuliniumiza kuliko maneno ya kaka. Nilijua tumebakiza kesho tu.

Mchana nilirudi nyumbani kuchukua chakula. Mama alikuwa ameniachia ugali na mlenda, na pembeni dumu la mafuta ya alizeti. Nikashika kifuniko cha lile dumu kukisogeza, kidole kikanata. Nikakitazama. Pembeni ya kifuniko kulikuwa na ule utando wa njano, mgumu, kama gundi ya mti, ambao mimi ndiye ninayeusugua kila Jumamosi, huo na ule wa chini ya kikaango. Jiko letu liko uwanjani, halihesabiwi ndani, kwa hiyo nikakitoa kisu hapohapo, nikachungulia kwenye bawaba. Utando uleule! Uleule kabisa, umechanganyika na vumbi la bondeni. Sikuwa nimekilainisha kisu. Nilikuwa nimekigandisha kwa mkono wangu na kukianika juani kigande vizuri zaidi.

Nilicheka peke yangu jikoni, kwa sauti. Utando ule ninaujua. Hakuna mtu hapa kijijini aliyeusugua kuliko mimi. Maji ya moto, majivu, na subira. Nikabandika maji, nikakichovya kisu, nikasugua bawaba kwa majivu na unyoya wa kuku, nikachovya tena. Uchafu wa njano ukatoka kidogokidogo, halafu ghafla kisu kikajifungua chenyewe, ka, nikaruka.

Kikabaki kikavu, nacho kilihitaji mafuta, ila sasa nilijua si yapi. Pikipiki ya kaka inavuja oili, naye huweka kopo chini yake ili mama asipige kelele kuhusu uwanja wake. Nilichovya ncha ya unyoya kwenye kopo lile, tone moja tu, nikalipeleka kwenye bawaba. Kaka sikumwomba. Ilikuwa inamwagika hata hivyo.

Alhamisi niliingia shambani kabla ya wote. Sijui niielezeje siku ile. Kisu kilifunguka kwa kidole kimoja, na mimi pia kama nimefunguka. Nilikata bila kuinua kichwa. Nilisikia nyuma yangu panga la kaka, cha, cha, halafu nikalisikia pembeni, halafu sikulisikia tena kwa sababu lilikuwa limebaki nyuma. Mchana nilikipitisha kwenye jiwe kurudisha makali, nikaendelea. Kichwa cha mwisho cha shamba la bondeni kilikuwa kwenye mstari wangu. Baba alikuwa ameshakifikia, kisu chake mkononi, akakiacha. Akasimama pembeni yake akanisubiri nifike nikikate mimi.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijagusa miamba ya magharibi. Baba akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono, nikampa kisu kwa mikono miwili. Akakipiga mgongo kwenye gogo. Akakitikisa kusikia kama kinacheza. Akanyoa malaika ya mkono wake, akakata kipande cha kamba ya katani. Mama alitoka jikoni na mwiko wake. Kaka alikuwa ameegemea pikipiki, anasubiri la kusema.

"Kina kasoro gani?" baba akaniuliza.

Sikutegemea. Nilifikiri yeye ndiye atakayesema. Wote watatu walikuwa wananiangalia. Lakini nilikuwa najua jibu, najua kila kona ya kile kisu, na sikutaka kulimeza.

"Ncha yake ni laini," nilisema. "Nilifungulia kifuniko cha ndoo ikapinda kidogo. Mpini unatoa lengelenge usipouvisha mpira. Kibano kina skrubu inayolegea, inabidi uikaze kila jioni. Na makali yake hayafiki jioni kama ya kwako baba, mchana lazima ukinoe."

"Basi kibaya," alisema kaka.

"Sijamaliza!" Nilishangaa mwenyewe kuisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa banda. "Kufunga hakijawahi kuteleza hata mara moja. Kinakata shingo ngumu sawasawa na panga lako. Kikikunjwa naweza kukimbiza mbuzi bila kujichoma. Na kwa bei ya jogoo mmoja huwezi kupata kingine cha hivi. Mimi ningekinunua tena."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema nyumbani kwetu bila kukatishwa.

"Na mafuta ya alizeti?" baba akauliza taratibu. Kumbe aliona Jumapili ile. Aliona akaninyamazia.

"Hakiyataki, baba."

Baba akacheka, kicheko kile cha tumbo ambacho hutoka mara chache, mama naye akadakia kwa Kinyaturu kwamba kumbe kuna kitu Singida kisichotaka alizeti. Baba akakata ukanda wa ngozi, akaupitisha kwenye tundu la mpini, akaingia ndani na nyundo. Nilisikia msumari ukipigwa. Nilipoingia kuangalia, cha kwake kilikuwa juu, palepale pa siku zote, na changu kilikuwa kando yake, chini kidogo, kwenye kimo cha mkono wangu.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka kwenda kuwafungulia mbuzi, kisu kimebanwa kwenye khanga. Uwanjani kaka alikuwa anahangaika na tenga la kuku nyuma ya pikipiki. Kamba aliyoifunga mwenyewe ilikuwa imekaza fundo, na panga lake alikuwa amempa jirani. Rafiki yake wa bodaboda alikuwa pale, amekaa juu ya pikipiki yake anamsubiri, honi inalia.

Kaka alinitazama, akatazama kiuno changu. "Nikatie hapa," alisema kwa haraka, chinichini.

Nilisimama. Safari hii mdomo ulikuwa tayari.

"Sema vizuri," nikamwambia. "Sijasikia."

Rafiki yake akaangua kicheko, akapiga tangi la pikipiki kwa kiganja. Jikoni nilimsikia mama akikohoa kikohozi cha uongo. Kaka alinikodolea macho, halafu midomo yake ikaanza kumsaliti, akacheka na yeye.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya kutosha kijiji kizima, "naomba unikatie kamba!"

Nikakifungua kwa dole gumba. Ka. Nikaikata kamba kwa mkato mmoja, nikakikunja, nikaenda kuwafungulia mbuzi.