Mkanda wa Jeshi wa Mama

Mama alimaliza matibabu ya mionzi Mwanza akiwa ameshapita miaka sabini. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Tukamrudisha Kibara, akaanza tena kuanika dagaa, kidogo kidogo. Tukadhani yameisha.

Miezi michache baadaye alitokwa na malengelenge upande mmoja, kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Yalimuunguza kiasi kwamba hata khanga hakutaka imguse. Kijijini kila mtu alijua ni mkanda wa jeshi, na kila mtu alidhani anajua unaletwa na nini. Mdogo wake, aliyezoea kula kwetu Jumapili baada ya ibada, akaanza kuja akisema ameshiba.

Nilimpeleka Bunda. Daktari alieleza kwamba ni tetekuwanga ya utotoni: kirusi chake hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na askari wa mwili hukizuia kisiamke. Uzee huwachosha askari hao. Mionzi nayo, ikielekezwa kwenye nyonga, hufika hadi kwenye uboho wa mifupa, wanakozaliwa askari wapya. Mama alikuwa na yote mawili. Alipimwa pia virusi vya UKIMWI. Hakuwa navyo.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia nitawaeleza mama mdogo na wanawake wa kwaya kwamba amepimwa na yuko salama.

"Usiwaambie," alisema. "Jirani yangu anamezaga hizo dawa. Ukitangaza mimi ni msafi, yeye utakuwa umemwita nani?"

Jirani huyo, mjane, ndiye aliyekuwa akituchotea maji tangu Mama augue. Sikumwambia mtu.

Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki. Msimu wa mvua Mama akapata nimonia, tukamlaza Musoma. Mama mdogo alikuja na uji. Alimtazama dada yake akihema, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni ule ugonjwa.

"Ungekuwa ndio," Mama alisema, "ungekaa hapo?"

Mama mdogo alimnywesha uji kwa kijiko kilekile alichokuwa ameuonjea, akalala kwenye mkeka pembeni ya kitanda mpaka Mama aliporuhusiwa. Kama anaamini ulikuwa ule ugonjwa au haamini, sijawahi kumuuliza.