Nani Alichukua Kumbukumbu za Kompyuta Kumi na Moja?

Saa mbili na robo asubuhi, fundi kompyuta mmoja anafungua kifuniko cha mashine ya mteja, kisha anaficha mikono yake nyuma ya mgongo. Hagusi kitu.

"Hesabu," anamwambia mteja, mama muuza vitambaa ambaye kompyuta yake inazimika hovyo.

"Nihesabu nini, dada? Mimi navijua hivi vitu?"

"RAM, kumbukumbu ya mashine. Hivyo vipande virefu vyembamba vilivyosimama. Viko vingapi?"

"Viwili."

"Sema tena, mwandishi asikie."

Muuza vitambaa anacheka, lakini anasema tena. Fundi anamsogezea vichupa vitano vya rangi ya kucha. Mama anachagua zambarau, anadondosha tone moja kwenye kila kipande na jingine kwenye kila skrubu, alama ya kujua kama kimebadilishwa. Picha ya skrini inayoonyesha kumbukumbu ya mashine alishaipiga mapema, kwa simu yake mwenyewe, kabla mashine haijazimwa.

Hapo ndipo mikono inarudi mbele na bisibisi inaanza kazi. Mtaani wanamwita Hesabu Kwanza, na si wote wanaolitamka jina hilo kwa heshima.

Mwandishi wa habari hizi naye alikwenda pale na mashaka yake. Mafundi tunawajua. Unapeleka mashine nzima, unarudishiwa ina ugonjwa mpya, na fundi anakuapia kwamba aliikuta hivyo. Tena huyu alikuwa ametoka kutuhumiwa wizi chuoni. Mtu anayewahesabisha wateja kiasi hiki ama ni mwaminifu kupita kiasi, ama ana lake jambo.

"Hata wewe unanitazama mikono," anasema fundi bila kuinua macho. "Tazama tu. Nimeshazoea."

Ana miaka arobaini na mitatu na mtoto mmoja, binti anayesoma uhazili katika chuo hichohicho kilichomtuhumu. Kazi aliifundishwa na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, katika chumba hikihiki chenye upana wa hatua nne na urefu wa hatua sita. Kuna meza moja, taa ya kuinama, na rafu ya mashine zinazosubiri vipuri. Kabla ya tuhuma alikuwa akipokea wateja wanane hadi tisa kwa siku. Katika siku kumi na moja za tuhuma walibaki wawili, na mmoja wao alikuja kuchungulia tu.

Kwa miaka sita alikuwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta cha chuo. Aliingia na kutoka apendavyo. Mwezi uliopita saa za mashine kumi na moja zilianza kuchelewa, akabadilisha vibetri vyake, vile vya duara vinavyokaa kwenye bodi. Kazi ya asubuhi moja. Alifunga mlango akaenda zake.

Siku mbili baadaye mtunza stoo wa chuo alipita na daftari lake la mali. Daftari lilisema kila mashine ina giga nane za kumbukumbu, zinazotumika 7.4. Skrini zilisema nane, zinazotumika 5.9. Mashine zote kumi na moja, giga moja na nusu imeyeyuka katika kila moja.

"Nilihesabu mara tatu," mtunza stoo alimwambia mwandishi wa habari hizi, akiwa ameketi na daftari magotini. Ni mzee mwembamba mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia watu. "Mashine ya kumi na mbili iko ofisini kwa mkuu wa chuo. Yule mama hakuigusa. Hiyo ilikuwa na 7.4 yake kamili. Sasa ungekuwa wewe ungesemaje?"

Ukweli ni kwamba mwandishi angesema vilevile.

Walifungua mashine moja wakakuta vipande viwili vya RAM, kama kawaida. Hilo halikumsaidia fundi hata kidogo. Ikasemwa ametoa halisi, ameweka feki zenye lebo nzuri. Ufunguo ukachukuliwa mbele ya wanafunzi. Akaambiwa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne, awe amerudisha alivyochukua, la sivyo suala linakwenda polisi.

"Waliniuliza picha za skrini ziko wapi," anasema fundi. "Waliniuliza rangi ya kucha iko wapi. Mimi, Hesabu Kwanza. Sikuwa navyo. Mtaani namhesabisha hata jirani yangu, lakini pale chuoni sikuhesabu. Niliona pale ni nyumbani."

Anaweka bisibisi mezani.

"Usiku ule binti yangu hakula. Asubuhi akaniuliza, 'Mama, ulichukua?' Nilitaka usiandike hilo. Lakini andika. Hao wengine wote waliniudhi. Yeye aliniumiza."

Alimjibu nini?

"Nilimwambia achelewe kwenda shule kidogo aninywee chai yake. Mtu akishakuuliza hivyo, ndiyo na hapana zote zina harufu moja."

Kwa siku tatu alikuwa akiwaza giga moja na nusu. Mwizi wa RAM, anasema, hakati kipande. Anachukua kipande kizima. Ukikosa kitu cha nusunusu namna ile, na skrini bado inaandika nane, basi kumbukumbu ipo ndani ya mashine, ila kuna mtu ameishikilia.

"Kompyuta ikiwashwa, anayeamka wa kwanza si ule mfumo unaouona wewe wenye picha na madirisha," anaeleza. "Ni programu ndogo iliyochomwa kwenye bodi kiwandani. Hiyo inahesabu kumbukumbu yote, inajitengea yake, halafu inauandikia mfumo orodha. Hapa pako. Hapa utapachukua ukishamaliza kusoma nilichokuachia. Hapa nimepatenga kwa ajili ya picha za skrini, usipaguse. Na hapa ni pangu mimi, siku zote."

Na mfumo unakubali tu?

"Unakubali. Ni kama umepanga nyumba, mwenye nyumba akakwambia chumba cha mwisho kimefungwa, vitu vyake vimo. Utalala sebuleni umebanana, lakini mlango ule huvunji. Mfumo ukivamia kulikotengwa, mashine inaganda au inajizima."

Nani anahakikisha kwamba hiyo programu ndogo haidanganyi?

Fundi anamtazama mwandishi kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Hakuna," anasema. "Orodha inaaminiwa. Ungefaa kuwa mtunza stoo."

Alhamisi ndipo alipokumbuka. Miaka sita iliyopita, siku mashine zilipoletwa chuoni, yeye mwenyewe aliingia kwenye mipangilio ya ile programu ya bodi. Kiwanda kilikuwa kimetenga giga mbili za picha kwa kila mashine. Wanafunzi wa kuchapa barua hawana haja nazo, akapunguza hadi nusu giga. Mtunza stoo akaandika 7.4 kwenye daftari. Fundi hakuandika popote, na akasahau.

Na mipangilio ile, katika mashine za umri ule, inatunzwa na kibetri. Ukikitoa, programu inarudia ilivyotoka kiwandani.

"Nilicheka peke yangu," anasema. "Halafu nikaogopa. Nani angeniamini? Mwizi akija na maelezo marefu ndiyo anaonekana mwizi zaidi."

Ijumaa saa nne kasorobo alikwenda chuoni mikono mitupu, hata bisibisi hakubeba. Aliomba kitu kimoja: mashine ya kumi na mbili, ile ambayo hakuwahi kuifungua tangu siku ile ya kwanza.

"Nikakataa," anasema mtunza stoo. "Nilijua anataka kuiba na hiyo."

Mkuu wa chuo akaruhusu. Fundi akavuta kiti hadi ukutani, akakaa, akaweka mikono chini ya mapaja. Akamwambia mtunza stoo aiwashe, asome. 7.4. Aizime, achomoe waya, afungue mwenyewe, atoe kibetri mwenyewe, ahesabu hadi mia tatu, akirudishe. Mzee alihesabu kwa sauti, na alipofika mia na arobaini akasimama akidai fundi ametikisa goti. Akaanza upya.

Mashine iliwaka. Mtunza stoo akavaa miwani ya kusomea, akaisogelea skrini, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

5.9.

Mkuu wa chuo alikohoa. Mtunza stoo aligeuza kibetri kiganjani, akakinusa.

"Umenifanyia mazingaombwe, mama," alisema mwishoni.

"Mikono yangu ilikuwa wapi, mzee wangu?"

"Chini yako. Ndiyo maana nasema mazingaombwe."

Fundi alimwelekeza kwa mdomo tu: bonyeza hiki, shuka hapa, kwenye kumbukumbu ya picha, rudisha nusu giga, hifadhi, toka. Mzee alibonyeza kwa kidole kimoja. Mashine ikaamka na 7.4 yake. Wakaenda chumba cha kompyuta wakazirudisha zile kumi na moja, moja baada ya nyingine, zote kwa kidole kilekile cha mtunza stoo.

Hata hivyo mzee hajaridhika. "Kutoka nane hadi 7.4 kuna pengo," alimwambia mwandishi. "Ameniambia nusu giga ni ya picha, na kidogo kinachobaki ni cha hiyo programu yenyewe, hakirudi. Sawa. Nimeiandika daftarini. Lakini kitu kinachochukua kila siku na hakirudishi, mimi nina jina lake."

Mkuu wa chuo alimrudishia ufunguo palepale na kumwambia chuo hakikuwahi kumtilia shaka. Fundi anasimulia hilo kwa uso mkavu. Ufunguo hakuupokea. Alitaka kufuli mbili, moja yake, moja ya mtunza stoo, ili mlango usifunguke mpaka wawepo wote wawili. Mtunza stoo aliunga mkono kabla sentensi haijaisha. Ni jambo la kwanza wawili hao kukubaliana.

Wateja wameanza kurudi. Wiki hii walifika sita kwa siku. Mpango wake sasa ni kuweka daftari la mipangilio kwa kila mashine anayoigusa, mteja atie sahihi. Mpango mwingine unaingia mlangoni saa saba mchana na mkoba wa shule begani.

"Shikamoo mama. Shikamoo," anasalimu binti, miaka kumi na tisa, akimkwepa mwandishi kwa macho.

Kuanzia wiki hii anakuja hapa kila baada ya masomo kujifunza ufundi. Hakuna aliyemlazimisha, anasema mama yake. Aliomba mwenyewe, siku ile ya Ijumaa jioni, baada ya kulia sana.

"Sijamnunia," anasema fundi. "Angeniamini hivihivi ningefurahi, sikufichi. Lakini nataka ajue kazi hii mpaka ndani. Siku wakisema tena kwamba mama yake ni mwizi, afungue mashine aangalie mwenyewe. Asije kuniuliza mimi."

Mwandishi wa habari hizi alikuwa amebeba kompyuta yake mwenyewe, inayochemka. Binti aliifungua. Akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Hesabu kwanza," alisema.

Mwandishi alihesabu. Kisha, kwa sababu mama mtu alikuwa akimtazama, akavuta vile vichupa, akachagua rangi nyekundu.