Ng'ombe wa Kundi la Njaa

Siku niliyowapeleka wataalamu watatu nyumbani kwa mama, kijijini Buger, mama aliwatazama wakishuka garini, akaniuliza kwa Kiiraqw nani kati yao anajua ng'ombe. Nilimwambia ukweli kwamba hakuna. Mmoja alikuwa wa hesabu, mmoja wa fizikia, mmoja wa mazingira. Wa ng'ombe nilikuwa mimi, mwanafunzi wa lishe ya mifugo, ambaye shahada yake ya uzamili ilishachukua muda mrefu mpaka majirani wakaacha kuiulizia. Mama akasema karibuni, akaenda kuchemsha maziwa.

Utafiti wetu ulikuwa wa aina inayopendwa siku hizi, ile ya kuchanganya fani mpaka hakuna anayejua kiongozi ni nani. Swali lenyewe lilikuwa dogo. Ng'ombe anayekula mabua makavu ukimwongezea mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, atanenepa kiasi gani, na akicheua atatoa gesi kiasi gani? Mtu wa fizikia alikuja kukamata gesi, mtu wa mazingira alikuja kuchunguza samadi, na mtu wa hesabu alikuja na kompyuta. Huyu wa mwisho hakugusa kitu chochote chenye unyevu, na ndiye peke yake aliyerudi mjini na viatu vyake vya mwanzo.

Buger haikuwa chaguo letu la kwanza. Tulianzia Piyaya, kwa wafugaji wa Kimasai, ambako ng'ombe ni wengi na mabua hakuna, lakini mtu wa hesabu alitumaliza kabla hatujafungua gunia. Alimuuliza mwenye boma ana ng'ombe wangapi. Mzee akasema wapo. Akaulizwa kwa makadirio, akasema wapo kidogo. Mwenzetu akaona mzee anasahau, akaenda kusimama langoni mifugo ikitoka na kuanza kuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti. Nilimvuta shati, lakini alishafika mbali. Watu wa Piyaya wameshahesabiwa vya kutosha, na kila wakihesabiwa kuna kitu kinapungua, mifugo au malisho, kwa hiyo mzee alisimama kati ya kile kidole na ng'ombe wake, akatukaribisha chai, na chai ilipoisha akatusindikiza hadi kwenye gari kwa adabu kubwa. Hakuna aliyetufukuza. Tulijikuta tu tuko barabarani.

Ndipo nikasema, kwa kiburi cha mwenyeji, twendeni kwetu.

Kwetu hesabu haikuwa tatizo. Kila nyumba tuliyoichagua ilikuwa na ng'ombe wawili, na mtu wa hesabu alizihesabu nyumba zote bila mtu kumzuia. Kompyuta yake ikapiga kura. Katika kila nyumba ng'ombe mmoja angepewa mashudu na pumba, mwingine angebaki na mabua yake ili tupate wa kulinganisha naye. Sisi tuliwaita kundi la majaribio na kundi la ulinganisho. Wanakijiji wakawaita walioshiba na kundi la njaa, na baada ya wiki moja hata wataalamu walikuwa wanasema hivyo.

Kwa mama kura iliangukia vibaya. Alikuwa na mtamba wake mwenyewe, ambaye bado hajazaa, na ng'ombe wa maziwa wa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote chini ya paa moja, ugonjwa ukija usimalize kila kitu. Anawatawanya kwa ndugu na marafiki. Anayetunziwa hubaki na ng'ombe wake na ndama wote, na anayetunza hunywa maziwa na kutia samadi shambani. Shangazi anaishi Karatu mjini, ana nyumba ya wageni yenye bustani na kibao cha Kiingereza, na yule ng'ombe ndiye aliyekuwa maziwa ya mama, mboga ya mama na mbolea ya mahindi ya mama. Kompyuta ikaamua mtamba ale vizuri na ng'ombe wa shangazi aingie kundi la njaa. Nilipomuuliza mtu wa hesabu inakuwaje tulinganishe mtamba na ng'ombe mwenye ndama, alisema hesabu zitarekebisha.

Mama alinivuta pembeni, nyuma ya banda. Aliniambia wifi yake akisikia kwamba mtamba wa nyumbani anakula mashudu na ng'ombe wa watu anatafuna mabua, atakuja kumchukua siku hiyo hiyo, tena bila kugombana, jambo ambalo ni baya kuliko kugombana. Aliomba nibadilishe. Nilimweleza kwamba kura haibadilishwi, kwamba ukibadilisha kwa mmoja utafiti mzima unakufa, na kwamba chuo kilishanipa nyongeza ya muda ya mwisho. Nilitumia maneno mengi ya kitaalamu, na hakuna hata moja lililokuwa na tafsiri kwa Kiiraqw. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, mwanangu.

Ningepaswa kuiogopa ile sawa. Nimekua nayo. Ndiyo sawa aliyompa baba alipotaka kuuza shamba la juu, na shamba la juu bado lipo.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi magunia yalifunguliwa, kila baada ya muda nilipita na mkanda wa kupimia kifua cha ng'ombe, ambao ukisoma mzunguko wake unakadiria uzito. Mtu wa fizikia alipita na mfuko wake, dude lenye mirija linalovalishwa puani ili kunasa gesi. Ng'ombe wengi walilivumilia kama wanavyovumilia mvua. Mtamba wa mama hakulivumilia, alilitafuna, na mrija mmoja ukashuka tumboni. Mtu wa fizikia aliukodolea macho ule mdomo, akaniuliza kwa huzuni kama mrija utarudi. Nilimwambia utarudi, ila utarudia kwa mtu wa mazingira.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, hayakuwa matokeo. Kundi la njaa lilikuwa na uzito uleule wa walioshiba. Katika nyumba nyingine walioshiba walinenepa, katika nyingine wenye njaa ndio walionenepa, na ukijumlisha wote unapata sifuri. Kwa maneno ya kompyuta, mashudu ni sawa na hewa. Nikaona shahada yangu inaondoka hivihivi. Wataalamu waligombea lawama kana kwamba ni tuzo. Wa fizikia alisema vifaa vinavuja. Wa mazingira alisema mvua ziliwahi na majani mabichi yakavuruga kila kitu. Wa hesabu alisema sifuri nayo ni jibu, tena jibu zuri sana, na nilitamani kumvalisha ule mfuko.

Mimi nililala vibaya na kuamka na hasira. Kila nyumba niliyouliza kama wanafuata utaratibu, waliniambia sawa.

Siku ya kupima mara ya mwisho, shangazi alikuja. Mtu alikuwa amemnong'oneza kanisani kwamba ng'ombe wake yuko kundi la njaa, akaja na gari, na miwani ya jua, na uso wa mazishi. Aliingia bandani bila kusalimia. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Ng'ombe alikuwa anang'aa, mgongo mpana, kiwele kimejaa. Mtamba wa mama pembeni yake alikuwa mbavu tupu.

Nilikuwa na mkanda mkononi na sikuhitaji kuutumia. Nilimgeukia mama mbele ya watu wote, nikamuuliza nani alikuwa anakula yale mashudu.

"Wa wifi," akasema, bila hata kushusha sauti.

"Mama, umeniua. Nilikwambia ni wa nani."

"Uliniambia. Lakini wewe ukishindwa utabaki mwanangu. Ng'ombe wa watu akikonda mikononi mwangu, mimi nitakuwa nani hapa Buger?"

Nilipiga kelele kuhusu sayansi kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nilikuwa na hasira kweli. Miaka yangu ilikuwa imeliwa na ng'ombe asiyekuwa hata wetu.

Aliyeniokoa ni mtu wa hesabu, sitaki kusema uongo, ingawa inaniuma. Mimi napiga kelele, yeye alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, halafu akaniomba nipite nyumba zote niulize jambo moja tu, ng'ombe gani ni wa mwenye nyumba na gani ni wa kutunza. Nikapita. Nilizaliwa kule, nimekunywa maziwa ya ng'ombe wa watu tangu utotoni, na wazo hilo halikuwa limenijia hata mara moja. Karibu kila nyumba ilikuwa na mmoja wake na mmoja wa kutunza, na kila mahali, kura iseme isemavyo, gunia lilikwenda kwa wa kutunza. Mtu wa hesabu akaifuta kura na kuwapanga upya kwa mwenye mali. Ile sifuri ikafunguka. Waliokula mashudu walinenepa vizuri kabisa, wanaonekana hata kwa macho ya mtu wa fizikia.

Nikaandika yote kama yalivyotokea, pamoja na sura nzima kuhusu nani hulisha ng'ombe wa nani. Watahini walinibana sana kuhusu sura hiyo, wakanipitisha.

Lakini kabla ya hapo, siku ileile ya kupima, shangazi aliendelea kumzunguka ng'ombe wake. Alimpapasa mgongo, akamkamua kidogo chini kuangalia, akamsifu mama kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyatoa kwa mtu aliye hai. Kisha akasema ng'ombe wa namna hii kumwacha Buger ni kumficha. Wageni wake pale Karatu siku hizi wanataka maziwa ya kienyeji mezani, wanataka na kumpiga picha ng'ombe mwenyewe akikamuliwa bustanini. Alimwachia mama kitenge. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua kamba, akamtoa nje, akasimama barabarani mpaka walipopotea kwenye kona.

Mtamba wake hakupandwa mwaka ule. Alikuwa amekonda mno, dume alimnusa akaendelea na safari zake.

Nilipofaulu nilimpigia mama simu nikiwa bado nje ya mlango wa watahini. Alifurahi, alishukuru Mungu kwa kirefu, nami nikasikia kwamba anaongea huku akitembea. Alikuwa njiani kwa jirani kuomba maziwa. Akaniuliza kile kitabu chote nilichoandika, pamoja na wale wataalamu, mwishowe kinasema nini.

Nikamwambia kinasema ukimlisha ng'ombe vizuri, ananenepa.

Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe.

"Hilo," akasema, "hata wifi yangu aliliona."