Aliyeingia na Ndoo

"Mama mdogo, kwa nini umenipa mimi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni kwake na mtoto wa siku moja mikononi, watu wazima wanne wakinitazama kama nimeiba. Alisema tu, "Shika shingo," akaingia ndani.

Mama mdogo wangu ni msusi. Saluni yake iko mtaa wa pili kutoka kwake, chumba kimoja chenye viti viwili, benchi la kusubiria, na kioo chenye ufa kwenye kona. Saa ya ukutani ilikufa kabla sijaanza shule na hakuna aliyeizika. Yeye hana shida nayo, kwa sababu anapima muda kwa mistari. Mstari mmoja, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ni dakika nane. Mteja akiuliza atamaliza lini, anaambiwa, "Bado mistari sita." Hata nyumbani akibandika maji jikoni, anasema yatachemka kwa mstari mmoja na nusu, na kweli yanachemka.

Mtoto wake wa kwanza ni binti. Tunamwita Meneja, kwa kuwa tangu aanze kuongea anatoa maagizo. Habari ya siku Meneja alipotoka hospitali nimeisikia labda mara ishirini, kila mara mama mdogo akiwa ameshika nywele za mtu asiyeweza kukimbia.

"Mama mkwe akampokea mtoto getini. Dada yangu akampokea kwa mama mkwe. Jirani akampokea kwa dada. Tumefika nyumbani, wote wakaingia naye, mlango ukafungwa. Mimi nje na ndoo ya nguo chafu. Mimi niliyezaa, nikapiga hodi kwangu."

Huyo dada ni mama yangu. Akiwepo anasema, "Tulifungua lakini." Mama mdogo anamwambia, "Mlifungua baada ya mstari mzima."

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoanza kuonekana, alitangaza mapema. "Huyu nitaingia naye mwenyewe. Mikono yangu, mlango wangu. Anayetaka kubeba kitu, kuna ndoo."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Miezi ile ilimchosha. Kila aliyekaa kwenye kiti alimwambia kwamba wa pili ni mteremko, hata wale ambao hawajazaa hata mmoja. Na baba mdogo, ambaye ni fundi rangi na amepaka nusu ya nyumba za mtaa ule, alikuwa na mlango wa mbele uliobanduka rangi mpaka unaonekana kama una ukurutu. Aliambiwa aupake kabla mtoto hajaja. Alisema kesho. Alisema kesho kwa miezi saba.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu yangu, maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Kwenye kiti alikuwa dada wa Posta, mteja wa miaka mingi anayefanya kazi kaunta ya vifurushi. Kesho yake mchana alikuwa anasafiri kwenda mafunzo ya kazi, na alitaka mistari kumi na sita.

Mstari wa tatu ulipoisha, mama mdogo aliacha kusuka, akashika mgongo wa kiti, akapumua kwa mdomo.

"Uko sawa?" dada wa Posta akauliza.

"Niko sawa. Inamisha kichwa."

"Si sauti ya mtu aliye sawa."

"Uchungu umeanza, lakini bado sana. Siwezi kukuacha na nusu kichwa."

Akaendelea. Baada ya mistari miwili, akashika kiti tena. Mistari miwili mingine, tena. Akatuambia tusihangaike: kila mistari miwili ni dakika kumi na sita, na mwanamke wa dakika kumi na sita ana muda wa kumaliza kichwa na kufagia.

Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Havikuwa vinakwenda, vilikuwa vinaruka.

"Mama mdogo, mbona leo unasuka haraka hivyo?"

"Nyamaza. Unanipotezea hesabu."

Kwenye mstari wa kumi chupa ilipasuka, maji yakafika hadi miguuni pa benchi. Dada wa Posta akatoka kusimamisha teksi, upande mmoja wa kichwa umelala vizuri na mwingine umesimama wima. Ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akamtazama, akaongeza gia. Ya pili ilisimama.

Hospitali, muuguzi wa mapokezi alichukua kalamu. "Mama, uchungu unakuja kila baada ya muda gani?"

"Mistari miwili."

Kalamu ikasimama. "Mistari ya nini?"

Dada wa Posta akainamisha kichwa, akamwonyesha.

"Mmoja ni dakika nane," mama mdogo akasema kwa meno. "Kwa hiyo kumi na sita. Nina muda." Halafu akashika meza. Alipoiachia, muuguzi alitazama saa ya mkononi. Mama mdogo akashika meza tena.

"Dakika tatu," muuguzi akasema.

"Haiwezekani. Nimehesabu mwenyewe."

"Ulihesabu ukiwa unasuka kwa kukimbizwa, mama. Uchungu umeongeza mwendo, na mikono nayo ikaongeza. Panda kitandani hapa."

Alipanda huku akilalamika kwamba miaka kumi na moja mstari ni dakika nane, na nani amebadilisha. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla dada wa Posta hajapata kitambaa cha kujifunga kichwa.

Baba mdogo alipopigiwa simu na kuambiwa tayari, hakuja. Alikimbilia kopo la rangi. Alifika jioni, kijani hadi kwenye viwiko, akasema mlango umepata mkono wa kwanza wa rangi.

"Miezi saba," mama mdogo akamwambia kutoka kitandani. "Miezi saba, ukachagua leo."

Fundi mwingine angeishia hapo. Yeye, Jumapili asubuhi, kabla ya kuja kutuchukua, aliupiga mkono wa pili ili ung'ae. Mlango na fremu zake.

Tulifika kama saa nne. Mama mdogo alishuka kwenye gari polepole, mtoto kifuani, macho mlangoni. Nyuma yake mama yangu, aliyetufuata hospitali jana yake, na mabegi. Pale nje walikuwa wanasubiri mama mkwe, aliyelala na Meneja, na dada wa Posta mwenye kitambaa kichwani.

"Nimekuja kumwona mtoto tu," dada wa Posta akasema.

"Na hicho kitambaa?"

"Basi linaondoka saa nane," akakiri.

Baba mdogo alitanua mikono mbele ya mlango. "Jamani, bado mbichi. Msiguse. Tunaingia mmoja mmoja, kiubavu."

Nilikuwa nimeshagusa. Niliegemea fremu nikitafuta pa kuchungulia, na viganja vyangu vyote vikawa kijani. Nikavificha nyuma ya mgongo.

"Lete mtoto, nitangulie naye," mama mkwe akasema. "Wewe huna nguvu ya kupita kiubavu."

"Lete kwangu," mama yangu akasema. "Mimi mwembamba, sigusi kitu."

"Rangi nimepaka mimi," baba mdogo akasema, "najua pa kupitia. Na ni mwanangu."

"Mimi nitamshika tu unapovua viatu," dada wa Posta akasema.

Mikono minane imenyooka mbele yake. Mama mdogo alivuta shali la mtoto, akamkumbatia zaidi, akawapita wote. Alibakiza hatua moja. Hapo akageuka kuona nani anamfuata, na uso wake ukabadilika.

Nyuma ya watu wote, karibu na gari, alikuwa Meneja. Miaka minne. Amebeba ndoo ya nguo za hospitali kwa mikono miwili, inamgonga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anamwamuru mtu yeyote.

"Nani kampa mtoto ndoo?"

"Si ulisema anayetaka kubeba kuna ndoo?" mama mkwe akajibu. "Alitaka kumbeba mdogo wake. Tukamwambia yeye sasa mkubwa."

Mama mdogo alimtazama mama mkwe, akamtazama dada yake, akamtazama mumewe na viwiko vyake. Nilidhani atapiga kelele. Alitembea moja kwa moja hadi kwangu, akaninyooshea mtoto, nami sikuwa na la kufanya ila kuitoa mikono nyuma. Kisha akaenda kwenye gari, akamnyanyua Meneja na ndoo yake.

"Wewe umejifungua jana," mama yangu akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

Akapita mlangoni kiubavu, Meneja shingoni, ndoo ikining'inia mgongoni mwake, bila kugusa fremu. Ni hapo nilipomuuliza swali langu, na ni hapo aliponiambia nishike shingo.

Shali lile bado lipo, na alama za vidole vyangu vya kijani hazijatoka. Dada wa Posta alimaliziwa mistari sita sebuleni siku ileile, mama yangu akigomba, na akasafiri akiwa na kichwa kinachosimulia: mistari mitatu laini, saba iliyopinda kama mwandiko wa mtu anayechelewa, na sita laini tena.

Mwezi uliopita, likizo, ilikuwa zamu yangu kwenye kiti. Sasa niko kidato cha tatu. Meneja alikuwa kwenye benchi akimwelekeza mdogo wake namna ya kufagia. Nikauliza tena: watu wazima wanne walikuwepo, kwa nini alinipa mimi?

Alisuka karibu nusu mstari kabla ya kusema.

"Wote walikuwa wamenyoosha mikono. Wewe peke yako uliificha. Nikaona huyu hatanikimbia naye. Rangi niliiona nimeshakupa. Inamisha kichwa."